Aliyefagia Karakana ya Bosi

Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja na robo jioni, mvua imekatika muda si mrefu na mifereji ya mtaa ingali inabeba maji ya kahawia, wakati Teke aliporudi nyumbani na habari mbaya ambayo yeye aliihesabu kuwa njema.

Jina la Teke hakupewa na wazazi wake. Alipewa na majirani, kwa kejeli, tangu siku aliporuka na kuupiga mlango wa kabati lake kwa unyayo, kama alivyoona mtu mwenye joho jeupe akifanya katika sinema. Mlango haukupata hata mkwaruzo. Yeye alitegua kidole gumba cha mguu, akachechemea mwezi mzima. Jina likamganda, naye hakulikataa, kwa kuwa aliamini kila mpiganaji mkubwa hubeba jina ambalo hakulichagua.

Alikuwa msaidizi katika karakana ya makochi. Msaidizi, si fundi. Kazi yake ilikuwa kung'oa misumari ya zamani, kuchambua sponji, kuchanganya gundi, kubeba makochi na kufagia. Kukata kitambaa hakuruhusiwa. Katika karakana ile mkasi wa kukatia ulining'inia kwenye msumari juu ya kiti cha Bosi, na hakuna mwingine aliyeugusa. Teke alikuwa ameungoja mkasi huo kwa miaka kumi na moja.

“Umepewa?” mke wake aliuliza alipomwona anatabasamu mlangoni.

“Mimi? Hapana. Amepewa mpwa wake.”

Mke wa Teke aliuza dawa katika duka moja karibu na stendi. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta kutwa nzima, na sasa miguu yake ilikuwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Alitoa mguu mmoja, akauweka juu ya taulo.

“Mpwa yupi? Yule aliyekuja juzijuzi na raba nyeupe?”

“Huyo huyo.”

“Yule aliyeuliza sponji inavunwa kwenye mti gani?”

“Kuuliza si kosa, mke wangu.”

“Sasa wewe unachekea nini?”

Teke alivuta kiti, akaketi wima, mikono juu ya magoti. Binti yao, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, alifunga kitabu chake mezani. Aliujua mkao huo. Ulimaanisha kwamba baba yake anakaribia kuzungumza kuhusu Mzee wa Nyusi.

Mzee wa Nyusi alikuwa mwalimu katika sinema ambayo Teke aliiona kwa mara ya kwanza akiwa kijana, kwenye ukumbi wa video uliokuwa na mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha nondo. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, nazo zilishuka hadi kifuani. Aliishi kilimani, kwenye nyumba ya mapaa yaliyopinda ncha, na alikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye hakumfundisha chochote. Mwanafunzi alibeba maji. Alipasua kuni. Alifagia uwanja msimu hadi msimu, majani yakianguka upya kila alipomaliza. Kisha wanafunzi wengine walikuja baadaye, wakapewa panga mbele ya macho yake, naye akaendelea kufagia. Na hapo Mzee wa Nyusi alisogea karibu, kamera ikamkimbilia usoni kwa kasi hadi yakabaki macho matupu, akatamka maneno ambayo Teke aliyajua kama anavyolijua jina lake mwenyewe.

“Afagiaye uwanja wa mwalimu wake anafagia kiburi chake,” Teke alisema, kwa sauti nzito. “Siku kiburi kitakapokwisha, ufagio utageuka upanga. Aondokaye kabla ya siku hiyo, ameondoka na ufagio.”

Mke alizungusha mguu uliobaki ndani ya beseni.

“Na huyo mzee wa nyusi,” mke alisema, “kodi ya nyumba alikuwa analipiwa na nani?”

“Huelewi. Ni jaribio la mwisho. Ukiona mgeni amepewa silaha mbele yako, ujue zamu yako imefika. Ipo katika sinema zote nzuri.”

“Baba,” binti alisema, “mwanafunzi wa kwenye sinema hakuwa na mke.”

“Angekuwa naye, angeondoka wiki ya kwanza,” mke alisema, akarudisha mguu kwenye beseni. “Sasa nisikilize, mume wangu, kwa sababu leo sisemi kwa kupiga kelele. Mama Viti amekuja dukani kuchukua dawa za mama yake. Ile karakana yake ya viti vya mabasi inataka mtu anayeyajua makochi. Nikamwambia mume wangu yupo kwenye makochi miaka kumi na moja. Akasema Jumamosi kabla ya saa sita mchana aje, na asipokuja atachukua mwingine, maana waliosimama getini ni wengi.”

“Jumamosi nina kazi.”

“Ndiyo maana nimekwambia leo.”

“Siwezi kumwacha mwalimu wangu mlangoni pa jaribio la mwisho.”

Mke wake alimtazama kwa muda. Alikuwa mwanamke mwenye maneno, na mtaa mzima ulimheshimu kwa hilo. Alipoyapunguza, watu walianza kuwa na wasiwasi.

“Basi tusibishane,” alisema. “Ukienda Jumamosi, vizuri. Usipokwenda, mimi jambo la kazi yako silitaji tena mpaka nafukiwa. Hutanisikia nikikuuliza umepewa nini wala umenyimwa nini. Ukirudi nitakupa chakula na salamu. Nimechoka kutumaini, inauma kuliko miguu.”

Binti aliinamisha kichwa. Teke aligeukia ukutani. Katika sinema zake zote, ambazo kanda zake zilijaza rafu mbili ukutani, hakukuwa na mwanafunzi aliyeambiwa hivyo, wala mzee aliyetoa jibu lake.

*

Inafaa kusemwa kwa haki kwamba Teke hakuwa mpenzi wa sinema kwa kubahatisha. Aliweza kutazama sekunde chache tu za pigano na kusema limetengenezwa na watu gani, kwa kusikia ngumi zinavyolia: wengine walitumia mlio wa ubao uliolowa, wengine mlio wa godoro linalokung'utwa. Alitambua kwamba uwanja mmoja, wenye ngazi na mnara wa kengele, ulikuwa nyumba ya mwema katika sinema hii na ngome ya mwovu katika ile. Alimjua mtu mmoja mwenye chongo ambaye aliuawa katika kila sinema aliyocheza, mara nyingine mara mbili katika sinema moja, akiwa amebadilishiwa kofia. Alipenda damu yao, nyekundu kama rangi ya mlango. Alipenda waovu waliocheka na kusimama na mkono kiunoni, na waliokufa baada ya kueleza kwa kirefu kwa nini wanakufa. Aliyapenda hayo yote bila aibu, na kwa kweli ni wachache wanaokipenda kitu kwa namna hiyo. Kosa lake lilikuwa moja tu. Alidhani Bosi naye ameziona.

*

Alhamisi asubuhi kulikuwa na kiwingu, na mpwa wa Bosi alikata kitambaa chake cha kwanza.

Kilikuwa kitambaa cha mistari, mali ya hakimu mmoja mwanamke aliyeleta seti nzima ya sebuleni. Mistari ilitakiwa isimame wima tangu juu ya egemeo, ishuke kwenye kikalio, iende hadi chini, kama maji ya mfereji. Teke, ambaye alikuwa chini akichuna gundi iliyokauka sakafuni, aliona kitambaa kikigeuzwa juu ya meza. Aliona kwamba egemeo litakuwa na mistari ya wima na vikalio vitakuwa na mistari ya kulala. Alijua. Akanyamaza, kwa kuwa mwanafunzi hasahihishi mkono uliopewa upanga.

Mpwa alikata vikalio vyote, huku akipiga mluzi.

Hakimu alikuja saa nane mchana. Alisimama mbele ya kochi lililokwisha kubanwa stepla, akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto.

“Hiki ni nini?” aliuliza.

Bosi alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi wa kushonea. Alivaa miwani. Alitazama kochi, akamtazama mpwa wake, ambaye alikuwa ameanza kuichunguza simu yake kwa bidii. Kisha akamtazama Teke.

“Ni msaidizi wangu, mheshimiwa. Ndiye aliyetandika kitambaa mezani. Fundi akakata kama kilivyotandikwa.”

“Msaidizi yupi?”

“Yule. Njoo hapa uombe radhi.”

Teke alisimama. Mapajani alikuwa na vumbi la gundi. Moyo wake ulidunda, lakini si kwa uchungu; ulidunda kama wa mtu anayesikia hatua za mgeni aliyemngoja. Jaribio lilikuwa zito kupita alivyotarajia, na kwa hiyo mwisho ulikuwa karibu. Alikunja ngumi ya kulia, akaifunika kwa kiganja cha kushoto, akaviinua mbele ya kifua na kuinama hadi kiunoni.

Hakimu alirudi nyuma hatua moja.

“Anafanya nini huyu?”

“Anaomba radhi, mheshimiwa.”

“Mbona kama anataka kunipiga?”

Mpwa alicheka. Fundi wa mashine ya kushona akazima mashine ili acheke vizuri. Hata Bosi alikohoa nyuma ya kiganja chake. Hakimu aliwaambia anataka kochi lake kabla ya mwisho wa wiki, mistari ikiwa wima, akaondoka.

“Jumamosi uje alfajiri,” Bosi alimwambia Teke kwa upole. “Utafumua stepla zote. Halafu utasaidia kulipakia.”

“Sawa, mkuu.”

“Na usifanye tena ile mikono mbele ya wateja.”

Usiku ule Teke hakumweleza mke wake lolote, na mke wake, akitimiza ahadi mapema, hakuuliza. Alimpa chakula na salamu.

*

Ijumaa jioni anga lilikuwa jeupe, hewa haisogei. Teke aliporudi alikuta viatu vya mwanamume mgeni mlangoni, na ndani sauti iliyomfanya asimame na mkono juu ya kitasa. Aliifahamu sauti ile zaidi ya ya baba yake mzazi.

Ilikuwa ya Mdomo.

Zamani Mdomo ndiye aliyekuwa mkalimani wa ukumbi wa video. Alikaa kwenye kigoda karibu na kile kisanduku cha nondo, kipaza sauti mkononi, na kila mtu kwenye sinema alipofungua kinywa, Mdomo alimsemea. Alimsemea mzee, binti mfalme, jambazi, hata farasi. Siku hizi alisimama mbele ya duka la vyombo akitangaza masufuria, na mke wa Teke, aliyekuwa akipita hapo kila jioni, alikuwa amemwendea akamwambia: kuna mtu anakusikiliza wewe peke yako duniani, naomba uje useme naye.

“Kaka Mdomo,” Teke alisema, na safari hii mikono ikajikunja yenyewe mbele ya kifua.

“Acha hayo, bwana, kaa. Shemeji kanipikia, nimekula mpaka nimeona haya.” Mdomo alikuwa amenenepa, na sauti ilikuwa na mikwaruzo ya masufuria. “Naambiwa umepata kazi nzuri, hutaki kwenda.”

Teke alikwenda kwenye rafu, akatoa kanda moja bila kutafuta, akaiingiza kwenye deki. Mke alimtazama Mdomo kwa jicho la kumwambia awe na subira. Picha ilitetemeka, ikatulia. Kilima, mapaa yaliyopinda ncha, mwanafunzi, ufagio, majani. Watu walikuwa wakizungumza lugha yao, ya huko sinema ilikotengenezwa, na midomo yao haikulingana hata na hiyo.

Mzee wa Nyusi akasogea. Kamera ikamkimbilia usoni.

“Afagiaye uwanja wa mwalimu wake,” Teke alisema pamoja na midomo ya mzee, “anafagia kiburi chake. Siku kiburi kitakapokwisha, ufagio utageuka upanga. Aondokaye kabla ya siku hiyo, ameondoka na ufagio.”

Aligeuka. Macho yake yalikuwa na maji.

“Maneno mazuri,” Mdomo alisema. “Nani kayasema?”

“Wewe.”

“Mimi?”

“Mzee, kwa kinywa chako. Uliyasema kila ilipooneshwa sinema hii, bila kukosea.”

Mdomo alishusha kikombe. Alimtazama mke wa Teke, kisha binti, kama mtu aliyeitwa harusini akakuta kesi.

“Mdogo wangu,” alisema, “wewe ulidhani mimi nakijua Kichina?”

Kwa nje mtu alipita na toroli lenye gurudumu bovu. Lililia hadi mwisho wa mtaa.

“Kama si Kichina...”

“Sijui hata kama ni Kichina. Inaweza kuwa lugha nyingine kabisa ya huko. Mimi nilikuwa naangalia nyuso. Akikasirika, natukana kidogo. Akilia, namtaja mama yake. Vita vikianza, nanyamaza nakunywa maji. Sasa hapa,” alielekeza kidole kwenye skrini, ambapo mwanafunzi aliendelea kufagia, “hapa ndipo palikuwa pananiua. Mtu anafagia, anafagia, hakuna ngumi, watu wanaanza kupiga miluzi, wanataka kutoka. Mwenye ukumbi amesimama mlangoni ananikazia macho. Lazima niseme kitu.”

“Ukasema hayo.”

“Nikasema aliyokuwa ananiambia yeye. Mwenye ukumbi. Mimi nilikuwa namwomba anipe sehemu ya biashara, kama alivyoniahidi, na kila nikimwomba ananijibu, vumilia, hii ni shule, bado una kiburi, siku yako itafika. Nikayachukua hivyo hivyo, nikampa mzee wa watu. Ufagio na upanga niliongeza mwenyewe.” Alisita. “Watu walikuwa wanapiga makofi, hilo nakumbuka.”

“Na sehemu ya biashara alikupa?” mke aliuliza.

“Alimpa shemeji yake.”

Teke alikaa chini. Kwa muda alionekana kama mtu anayehesabu kimoyomoyo, kisha uso wake ukaanza kung'aa tena polepole, na mke wake, aliyeuona mng'ao huo ukija, alifumba macho.

“Lakini huoni,” Teke alisema. “Hukujua lugha, na bado uliyasema sawasawa na alivyoyasema. Maana ilipita ndani yako bila wewe kujua. Hiyo ndiyo ngazi ya juu kabisa.”

“Baba,” binti alisema. “Ngoja kidogo.”

Alikuwa na simu mkononi. Sinema ile ile, alisema, ipo kwenye mtandao, imesafishwa, rangi zinaonekana, na chini yake kuna maandishi ya ile lugha ya kigeni wanayofundishwa shuleni. Aliipata juzi. Alitaka kumwonesha siku ya kuzaliwa kwake, kama zawadi.

“Na maandishi yanasema nini?” Teke aliuliza.

Binti alisita. Alimpenda baba yake, na hilo halikuifanya kazi iwe rahisi.

“Mzee anasogea,” alisema, akisoma. “Anasema, ‘Hapo pembeni umeacha majani.’”

“Halafu?”

“Mwanafunzi anasema, ‘Nitarudia.’”

“Halafu?”

“Mzee anaondoka.”

Teke aliinyoosha mikono, akaichukua simu, akaileta karibu na uso. Aliirudisha nyuma kwa kidole kilichokauka gundi, akaitazama tena. Rangi zilikuwa nzuri kweli. Nyusi za mzee, zilizoonekana safi sasa, zilikuwa zimebandikwa. Gundi iliachia kidogo upande wa kushoto. Mtu anayeifahamu gundi angeliona hilo mara moja.

“Na kabla ya hapo?” aliuliza, bila kuinua kichwa. “Kabla hajasogea, anaongea na yule mpishi kwa kirefu. Pale Kaka Mdomo alisema wanazungumzia mauti.”

“Anauliza kama chakula kimeiva,” binti alisema.

Mke wa Teke alikuwa mtu wa kucheka, na jambo hilo lilistahili kicheko. Hakucheka. Alisimama akaondoa vikombe. Mdomo aliaga, akashukuru, akashindwa kukiona kiatu chake kimoja kilichokuwa mbele yake, akakiona.

“Sikukusudia ubaya, mdogo wangu,” alisema mlangoni. “Ilikuwa kazi.”

*

Jumamosi alfajiri kulikuwa na manyunyu membamba. Teke alifumua stepla za kochi la hakimu, moja baada ya nyingine, kwa bisibisi bapa. Bosi akafika, akakata mwenyewe vikalio vipya kwa kitambaa kilichosalia, fundi wa mashine akashona, mistari ikasimama wima. Karibu saa nne gari la mizigo liliegeshwa nyuma. Mpwa alisema anaumwa mgongo. Bosi akavua miwani na kushika upande wa mbele wa kochi.

“Shika huko.”

Teke alishika. Usiku kucha alikuwa ameipanga siku hii. Angesimama katikati ya karakana, miguu imeachana. Angesema kwa sauti ya chini, na wote wangezima mashine. Badala yake alijikuta akisema kwenye kona ya ujia wa nyuma, kochi likiwa limekwama kwenye fremu ya mlango, pumzi zikimkatika.

“Mkuu, naondoka.”

“Inua kidogo upande wako. Unakwenda wapi?”

“Kazini kwingine. Viti vya mabasi.”

“Geuza. Si huko, huku. Kwa nini?”

“Miaka kumi na moja hukunipa mkasi.”

Bosi alisimama, kochi likiwa limeegemea tumbo lake. Alionekana kushangaa kwa dhati, na huo ndio ulikuwa ukatili wake mkubwa kuliko wote.

“Uliwahi kuuomba?”

“Mwanafunzi haombi.”

“Mwanafunzi wa nani?” Bosi alifuta jasho kwa bega. “Huyu kijana aliuomba siku ya kwanza, kabla hajaweka begi chini. Waliopita hapa wote waliuomba, wakagomba, nikawafukuza au nikawapa. Wewe ulikuwa unainama tu, unatabasamu. Nilidhani unapenda.”

“Ulidhani napenda kubeba.”

“Nilisema, huyu mtu ana raha yake, nimwingilie ya nini. Na sikufichi, mtu wa kubeba ni adimu.” Alishika kochi upya. “Haya, tulipandishe, tutaongea.”

Teke angeweza kuachia. Kwa miaka mingi alikuwa amelala akiota mwisho ambao ndani yake kitu kinaanguka kwa kishindo, na kitu kilikuwa mikononi mwake, kizito, mali ya hakimu. Alikiinua. Walilipandisha kochi kwenye gari, wakalifunga kamba. Kisha akapangusa mikono kwenye suruali, akasema “kwa heri, mkuu,” bila kuinama, na akaanza kutembea. Alikuwa amefika barabarani Bosi alipomwita kumwuliza turubai liko wapi. Akamwambia liko wapi.

*

Mama Viti alikuwa mwanamke mfupi mwenye penseli sikioni. Karakana yake ilinuka ngozi bandia na mafuta ya mashine, na fremu za viti vya basi zilipangwa ukutani kama mbavu. Hakumwuliza Teke kuhusu maisha yake. Alimwekea mezani kipande cha ngozi bandia ya kijivu, chaki, rula ya chuma na mkasi.

“Nikatie kikalio kimoja. Kile pale ndicho mfano.”

Ikumbukwe kwamba katika sinema zote hapa ndipo siri hufichuka. Mwanafunzi aliyebeba maji hugundua kwamba mabega yake yamekuwa chuma. Aliyefagia hugundua kwamba kiuno chake kinajua kukwepa mikuki. Teke aliushika mkasi. Ulikuwa mzito kuliko alivyoudhania, na baridi. Alisubiri kidogo, ili miaka kumi na moja ya ufagio ishuke mikononi.

Haikushuka. Alikata, na kipande kilitoka kimepinda kama mbalamwezi changa, na upande mmoja hakuwa ameacha nafasi ya mshono.

Mama Viti alikiinua juu kwa vidole viwili, akakitazama kwenye mwanga.

“Mkeo alisema miaka kumi na moja.”

“Ndiyo.”

“Ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa nafagia,” Teke alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo likiwa na maana yake tu.

Mama Viti alichomoa penseli sikioni, akajikuna nayo shingoni. Aliangalia mabega ya Teke, ambayo angalau yalikuwa mapana. Kisha akamwita mkataji wake, msichana ambaye umri wake haukuzidi sana wa binti wa Teke.

“Mwoneshe.”

Msichana alikuja akitafuna kitu. Hakufumba macho, hakutamka fumbo. Aliuweka mkono wa Teke juu ya rula.

“Baba, kwanza acha kidole kimoja nje ya mstari, huo ni mshono. Chaki shika hivi, usiikandamize. Mkasi usiufunge mpaka mwisho, ukiufunga unaacha jino. Na usiusogeze mkono, sogea wewe mwenyewe, izunguke meza. Umeona? Haya, kata.”

*

Siku hiyo mambo yalikwisha hivi. Mke wa Teke aliona saa sita inapita kwenye ukuta wa duka la dawa, hakupiga simu, akamhesabia mteja chenji vibaya na kulazimika kumkimbilia hadi stendi. Binti aliiandika sinema nzima kwa Kiswahili, kutoka maandishi ya chini, pamoja na habari za chakula. Mdomo alitangaza masufuria hadi jioni, na mara moja, watu walipopungua, aliwaambia maneno ya ufagio na upanga, wawili wakarudi wakanunua. Mpwa alifundishwa kufagia, akasema anaumwa mgongo. Bosi alilifuata gari hadi kwa hakimu, akatafuta mtu wa kumsaidia kulishusha kochi, akampata baada ya saa nzima, kwa bei ambayo hakuipenda. Mama Viti alimwandika Teke kuwa msaidizi wa mkataji, akamwambia aanze Jumatatu. Na Teke alikata kikalio cha pili, kikatoka kimenyooka, akakata cha tatu. Kabla watu hawajaondoka kwenda kula alimwuliza yule msichana, kwa heshima zote, ni lini atamfundisha yaliyosalia. Msichana alimwambia hakuna yaliyosalia, akachukua mkoba wake, akamwomba azime taa akitoka.